Hesabu ya kiwanda cha Kolwezi ifike hadi Mulongo

Maji ya Lualaba hayajui mpaka wa jimbo. Yanapita upande wa Kolwezi, yanateremka hadi Bukama, yanatanuka kwenye vinamasi na maziwa ya Upemba na Kisale, halafu yanafika Malemba-Nkulu na Mulongo. Njiani yanaungana na Lufira, mto unaoleta maji ya upande wa Likasi na Fungurume. Sehemu kubwa ya nchi ya shaba na kobalti inamwaga maji yake katika mto ule ule ambao mkaaji wa Mulongo anavulia samaki, anachota maji na kusafirishia mizigo yake.

Kwa hiyo kuna swali tulilozoea kuwaachia mainjinia, ambalo ni letu pia. Kiwanda cha kusafisha madini kinapochorwa, kabla tofali la kwanza halijawekwa, kuna watu wanaokaa mezani na kupima mambo mawili: kitagharimu fedha ngapi, na kitaharibu mazingira kiasi gani. Uamuzi wa meza hiyo unadumu miaka 20 au 30. Baadaye tunabishana juu ya faini, fidia na kusimamisha kazi, lakini sehemu kubwa ya mambo ilikwisha kuamuliwa kwenye karatasi.

Msimamo wetu ni huu. Kupima gharama na mazingira pamoja ni jambo la lazima, kwa sababu hakuna kiwanda kisichochafua hata kidogo, na hakuna kampuni yenye fedha zisizokwisha. Lakini mizani ni ya haki tu kama vitu vyote vimewekwa juu yake. Leo gharama inayobaki ndani ya uzio wa kampuni inahesabiwa hadi senti ya mwisho, na ile inayotoka kwa njia ya mto haiandikwi popote. Kutoandikwa hakuifanyi ipotee. Inateremka, na huko chini kuna mtu anayeilipa bila kuulizwa.

Kinachofanyika ndani ya uzio

Tueleze kwanza kazi yenyewe, maana wengi wetu tunaona magari yakiingia na magunia yakitoka, basi. Jiwe la shaba na kobalti linasagwa kuwa unga, kisha unga unachanganywa na maji na asidi ya salfa. Asidi inayeyusha metali. Kobalti ya kwetu mara nyingi haikubali kuyeyuka vizuri kwa asidi peke yake, kwa hiyo viwanda vinaongeza gesi ya dioksidi ya salfa au chumvi inayoitoa. Shaba inavutwa kutoka kwenye maji hayo kwa dawa maalumu iliyochanganywa na mafuta yanayokaribia petroli ya taa, halafu inabandikwa kwenye sahani kwa nguvu za umeme. Maji yanayobaki yanatolewa chuma, aluminiamu na manganizi, na mwishoni kobalti inaangushwa kwa magnezia ili iwe unga unaopakiwa na kuelekea bandarini.

Kila hatua inaacha kitu nyuma: matope yenye asidi, maji yenye chumvi na metali, gesi, mafuta kidogo. Ufundi wa injinia si kuchagua mashine tu. Ni kuamua kila kimoja kati ya hivyo kitakwenda wapi, kwa bei gani, na kitakaa huko kwa muda gani.

Mara nyingine bei na mazingira vinasimama upande mmoja. Shaba inapobandikwa kwa umeme, kila tani 1 inazaa upya karibu tani 1.5 ya asidi, na asidi hiyo inarudishwa mwanzo kuyeyusha jiwe jingine. Kiwanda kinachoirudisha vizuri kinanunua asidi kidogo na kutupa kidogo. Vivyo hivyo kwa maji: lita inayozungushwa ndani ni lita ambayo haikupampiwa kutoka mtoni wala haikurudishwa mtoni ikiwa chafu. Hapo hakuna ugomvi, na kampuni yenye akili inafanya hivyo bila kulazimishwa na mtu.

Ugomvi unaanza pale ambapo usafi unadai fedha ambazo hazirudi. Tuchukue mifano mitatu.

Asidi: njiani au kiwandani?

Mfano wa kwanza ni asidi yenyewe. Kiwanda kinaweza kuinunua tayari na kuileta kwa malori ya tanki. Kinaweza pia kujenga mtambo wake wa kuchoma salfa. Tani 1 ya salfa ikichomwa na kuunganishwa na hewa na maji inatoa karibu tani 3 za asidi. Maana yake, lori moja la salfa, unga wa manjano usiomwagika kama maji, linachukua nafasi ya malori matatu ya asidi barabarani. Joto la mtambo huo linaweza hata kuzalisha umeme kidogo. Lakini kuujenga kunahitaji mamilioni ya dola mwanzoni, wakati kununua kwa lori kunahitaji mkataba tu.

Mezani, lori linaweza kushinda kwa urahisi. Barabarani hesabu ni nyingine. Mwezi wa Februari 2019, huko Kabwe, kwenye barabara ya Lubumbashi na Kolwezi, lori la asidi ya salfa liligongana na magari mengine na asidi ikawamwagikia abiria. Karibu watu 20 walikufa. Vifo vya barabarani havionekani kwenye mchoro wa kiwanda, kwa sababu mchoro unaishia kwenye lango. Ukilisogeza lango la hesabu hadi pale asidi inapopakiwa, jibu la mezani linaweza kubadilika.

Tangu 2020 Kolwezi ina mtambo wa kuyeyusha shaba kwa moto, na mwishoni mwa 2025 mtambo mkubwa zaidi, wa Kamoa-Kakula, uliwashwa. Mitambo hiyo ikichoma madini yenye salfa inatoa gesi ambayo zamani ingeachiwa iende hewani na kuunguza majani na mapafu. Leo gesi inakamatwa na kugeuzwa asidi inayouzwa kwa viwanda jirani. Ule wa Kamoa-Kakula umechorwa kutoa hadi tani 700,000 za asidi kwa mwaka. Uchafu wa mmoja unakuwa malighafi ya mwingine. Hii ni habari njema, na tunaisema bila choyo. Lakini asidi hiyo pia itasafiri kwa lori. Njia yake, mwendo wa malori na saa za kupita vijijini ni sehemu ya mchoro sawa na bomba lolote la ndani.

Chokaa, na kishawishi cha kuipunguza

Mfano wa pili ni kuituliza asidi iliyobaki kwenye matope kabla ya kuyatupa. Hesabu yake haina siri. Kila tani 1 ya asidi ya salfa inahitaji karibu tani 1 ya jiwe la chokaa safi lililosagwa, au karibu kilo 570 za chokaa iliyochomwa. Hakuna njia ya mkato: ukipunguza chokaa, asidi inabaki.

Injinia mzuri anatumia vyote viwili kwa zamu. Jiwe lililosagwa ni bei nafuu na linafanya kazi kubwa ya kwanza, lakini nguvu yake inaisha kabla kobalti na manganizi hazijaanguka zote. Hapo ndipo chokaa iliyochomwa inaingia kumaliza kazi. Nayo ni ghali: sehemu yake inatoka Zambia kwa malori, na kuichoma kunatoa hewani karibu kilo 785 za gesi ya kaboni kwa kila tani, kutoka kwenye jiwe lenyewe, kabla ya kuhesabu moto wa tanuri. Kwa hiyo hata usafi una uchafu wake. Mtu anayedai maji yatoke kiwandani safi kama ya mvua lazima aseme pia moshi wa chokaa hiyo utaangukia nani, na umeme wa mashine za kuchuja utatoka wapi, katika nchi ambako viwanda vinawasha jenereta za mazuti kila siku kwa sababu umeme wa SNEL hautoshi.

Tunasema hivyo ili ieleweke kwamba hatudai lisilowezekana. Lakini kuna hatari nyingine, ya kweli zaidi. Mwezi ambao bei ya kobalti imeanguka, chokaa ni kitu rahisi kupunguza. Mashine ikisimama kila mtu anaona. Chokaa ikipungua, matope yanaendelea kutiririka kama jana na rangi haibadiliki sana. Ni mto tu unaojua.

Mto Luilu, ulio karibu na Kolwezi na ambao maji yake yanaishia Lualaba, umetupa somo hilo. Mwezi wa Aprili 2012 kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha maji ya kiwanda cha Luilu yakiingia mtoni yakiwa na kipimo cha pH cha 1.9. Maji yasiyo na asidi yana pH ya 7, na kila namba moja ukishuka asidi inaongezeka mara 10. Fanya hesabu: kutoka karibu 7 hadi karibu 2 ni mara 100,000. Kampuni ya Glencore, iliyokuwa ikisimamia kiwanda hicho, ilijibu kwamba ilikirithi hivyo, kwamba kilijengwa zamani bila mfumo wa kuzuia maji machafu, na kwamba tatizo lilikuwa limekwisha kurekebishwa.

Tuchukue jibu hilo kama lilivyo, kwa kuwa ndani yake kuna ukweli mzito kuliko ule wa kumtafuta mkosaji. Watu waliochora kiwanda hicho mwishoni mwa utawala wa Ubelgiji walipunguza gharama zao kwa kutoweka kitu kimoja. Nchi ikapata uhuru, majina ya kampuni yakabadilika mara kadhaa, na kile kitu kisichowekwa kikaendelea kudai malipo nusu karne baadaye. Viwanda vinavyochorwa mwaka huu vitawadai wajukuu wetu kwa njia hiyo hiyo.

Bwawa: deni lisilo na mwisho

Mfano wa tatu ni bwawa la mabaki. Matope yakishatulizwa lazima yakae mahali. Bwawa la bei nafuu ni shimo na ukuta wa udongo. Bwawa la bei kubwa lina karatasi nene ya plastiki chini, mifereji ya kugundua maji yanayovuja, ukuta uliojengwa kwa kushindiliwa vizuri, na nafasi tupu ya kupokea mvua kubwa ya Januari au Februari. Tofauti ya bei inaonekana siku ya kwanza. Tofauti ya faida inaweza isionekane kwa miaka 15.

Hapa kuna ujanja wa hesabu ambao raia anapaswa kuujua. Wanaopanga miradi wanapunguza thamani ya fedha za kesho. Kwa kiwango cha asilimia 10 kwa mwaka, gharama ya dola milioni 1 itakayokuja baada ya miaka 30 inaandikwa leo kama dola 57,000 tu. Kwa biashara hiyo ni hesabu halali. Lakini bwawa la mabaki halifi baada ya miaka 30. Kampuni inaondoka, kariera inafungwa, bwawa linabaki. Mtoto aliyezaliwa Mulongo leo, siku atakapokuwa na miaka 30, hatakutana na madhara ya dola 57,000. Atakutana na madhara ya milioni nzima.

Jirani zetu wa Zambia wanalijua hilo. Tarehe 18 Februari 2025, karibu na Chambishi, ukuta wa bwawa la kampuni ya Sino-Metals Leach Zambia ulibomoka. Hesabu za kwanza zilitaja lita milioni 50 za maji ya asidi; baadaye wataalamu walitaja kiasi kikubwa zaidi. Yaliingia kijito cha Mwambashi, kisha mto Kafue. Samaki waliokufa walionekana hadi kilomita 100 chini ya mto. Maji ya bomba yalikatwa Kitwe, mji wa watu karibu 700,000. Serikali ilituma ndege kumwaga chokaa mtoni. Chokaa ile ile ambayo ndani ya kiwanda ingemwagwa kwa bomba, sasa inamwagwa kutoka angani, samaki wakiwa wamekwisha kufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na kwetu, Novemba 2025, maji ya bwawa la kiwanda cha CDM yalitiririka mitaani Lubumbashi, na waziri wa madini Louis Watum Kabamba akasimamisha kazi za kampuni hiyo kwa miezi 3. Maji ya Lubumbashi hayapiti Mulongo. Yanateremka Kafubu na Luapula, na kuungana na Lualaba huko Ankoro, chini zaidi. Lakini fundisho ni lile lile. Serikali ilitenda haraka, na tunaipongeza. Hata hivyo kusimamisha kazi miezi 3 ni adhabu inayomwangukia pia mfanyakazi wa kila siku ambaye hakuchora bwawa wala hakulijenga.

Nani yuko kwenye mizani?

Kwa sheria, nchi yetu si maskini. Kanuni ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inasema katika kifungu cha 285 bis kwamba mwenye haki ya kuchimba analipa madhara ya kazi yake kwa watu, mali na mazingira hata kama hakufanya kosa. Ni kifungu chenye nguvu. Sheria ya mazingira ya 9 Julai 2011 inadai utafiti wa athari kabla ya mradi kuanza, na shirika la serikali la ACE lina kazi ya kuukagua. Kuna pia dhamana ya fedha ya kurudisha mazingira baada ya uchimbaji.

Sasa tazama sheria hiyo hiyo kutoka Mulongo. Kodi ya mrabaha wa madini inagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa utawala wa mahali uchimbaji unapofanyika, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kabla ya 2015 Kolwezi, Likasi na Mulongo zilikuwa jimbo moja la Katanga. Tangu mgawanyo wa majimbo, Kolwezi iko Lualaba, Likasi iko Haut-Katanga, na Mulongo iko Haut-Lomami. Fungu la jimbo linabaki juu ya mto. Fungu la utawala wa mahali linabaki juu ya mto. Fungu la asilimia 0.3 ya mauzo, ambalo kampuni inatoa kwa miradi ya jamii iliyoathirika, kwa mazoea linaishia kwenye vijiji vinavyozunguka kariera. Kinachovuka mpaka wa jimbo bila kibali ni maji tu.

Hata kifungu cha 285 bis kinahitaji mtu aonyeshe madhara. Mvuvi wa Mulongo ataonyeshaje? Akisema samaki wamepungua, atajibiwa kwamba nyavu za macho madogo na vyandarua vinavyotumiwa kuvulia vimemaliza watoto wa samaki. Na jibu hilo lina ukweli ndani yake: uvuvi mbaya upo, na wenyewe tunaufahamu. Ataambiwa pia kwamba Kolwezi ni mbali, na kwamba mafunjo ya Upemba yanachuja maji. Nalo lina ukweli. Mimea ya vinamasi inapunguza mwendo wa maji na kuyafanya matope yatue. Lakini metali iliyotua kwenye matope haijaondoka. Imewekwa akiba mahali samaki wanapotaga na kulisha.

Bila kipimo cha jana, hakuna anayeweza kuthibitisha chochote leo, si mvuvi, si kampuni isiyo na hatia.

Tena, kipimo gani? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu hadi miligramu 2 za shaba kwa lita ya maji ya kunywa. Samaki wachanga na wadudu wa majini wanaowalisha wanaweza kudhurika kwa kiasi kilicho chini ya sehemu moja ya kumi ya hapo. Maji yanaweza kufaulu mtihani wa kikombe na kuanguka mtihani wa samaki. Kwa mji unaoishi kwa samaki, ambako samaki wa moshi ndiye anayelipa karo, dawa na nguo, kipimo cha kikombe peke yake hakitoshi.

Hoja ya kampuni, na jibu letu

Tunajua watakachosema wenye viwanda. Watasema kobalti ni biashara ya msukosuko, na hawakosei: bei ilianguka hadi serikali ikasimamisha kuuza kobalti nje kuanzia tarehe 22 Februari 2025, na kuweka kiwango cha kila kampuni kuanzia Oktoba mwaka huo. Watasema ukiongeza gharama mno, mradi unakufa, na maelfu ya wafanyakazi wa Kolwezi na Likasi wanarudi nyumbani. Wengi wa wafanyakazi hao ni watoto wa Bukama, Kamina na Malemba-Nkulu; mishahara yao inateremka pia, kama maji.

Hoja hiyo tunaiheshimu. Lakini inathibitisha tunachodai. Ikiwa bei inapanda na kushuka hivyo, basi ulinzi wa mto usitegemee moyo wa meneja katika mwezi mbaya. Uwe umejengwa ndani ya kiwanda tangu mwanzo: bwawa lenye nafasi ya kutosha, ghala la chokaa la wiki nyingi, kipimo kinachofunga bomba chenyewe pH ikishuka. Vitu hivyo vikiwa kwenye mchoro ni sehemu ya bei ya kiwanda, sawa na paa. Vikiongezwa baadaye, saruji ikiwa imekauka, vinagharimu mara nyingi zaidi, na kwa hiyo haviongezwi. Na serikali iliyoweza kupanga kiasi cha kobalti kinachotoka nchini haiwezi kusema haina nguvu ya kudai bwawa zuri.

Jambo hili ni la haraka kwa sababu tunaingia kipindi kipya. Kinshasa inataka madini yasindikwe humu nchini, na sisi tunaunga mkono. Huko Manono, katika jimbo jirani la Tanganyika, mradi wa lithiamu wa Zijin na Cominière unaendelea. Jiwe la lithiamu ni gumu: kwa kawaida linachomwa kwa joto la karibu nyuzi 1,000, halafu linachomwa tena na asidi ya salfa, na kwa kila tani ya bidhaa kunabaki tani kadhaa za mabaki. Kusindika nyumbani maana yake ni kubaki na thamani pamoja na mabaki. Anayesherehekea la kwanza na kunyamaza juu ya la pili hajamaliza hesabu.

Tunachoomba

Kwanza, utafiti wa athari wa kila kiwanda kinachomwaga maji upande wa Lualaba au Lufira usiishie kilomita chache kutoka kwenye uzio. Uhesabu mto mzima hadi Bukama, Kikondja, Malemba-Nkulu na Mulongo. Muhtasari wake uandikwe kwa Kiswahili na Kiluba na kusomwa hadharani, mbele ya wavuvi, machifu, wauguzi na mama wauza samaki.

Pili, kampuni ionyeshe njia ilizozikataa. Si kutuambia tu "tumechagua hii," bali kuweka mezani jedwali moja: njia hii na ile, bei ya kila moja kwa tani ya shaba au kobalti, na kiasi cha asidi, metali na mabaki kinachobaki. Tukiona kwamba bwawa bora lingeongeza gharama kidogo tu kwa tani, tutajua tulikataliwa kwa sababu gani. Tukiona lingeua mradi, tutalijua hilo pia.

Tatu, maji, matope na samaki vipimwe mahali pale pale kila mwezi: Bukama, mlango wa Kisale, na Mulongo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina wataalamu ambao kwa miaka mingi wamepima metali katika miili ya watu na katika mito ya Katanga. Chuo Kikuu cha Kamina kinaweza kushiriki. Viwanda vilipe, lakini visishike kalamu. Matokeo yasomwe redioni.

Nne, magavana wa Lualaba, Haut-Katanga na Haut-Lomami wakae pamoja na kukubaliana juu ya mfuko wa mto, unaotoka kwenye mrabaha wa juu na kufika chini. Na maneno "jamii iliyoathirika" yasomwe kwa kufuata maji, yasipimwe kwa umbali wa uzio.

Tano, kuwe na njia ya kuonya. Bwawa likibomoka Kolwezi, maji yanahitaji muda kufika Mulongo. Muda huo ni zawadi ya umbali, na unapotea kama hakuna anayepiga simu. Mkuu wa teritwari, zone de santé ya Mulongo na redio za huku wawe na namba ya kupiga na namba ya kupigiwa, na zijaribiwe kabla ya kila msimu wa mvua.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalofunga kiwanda. Yote kwa pamoja yanadai kitu kimoja: anayechora bomba Kolwezi aandike kwenye hesabu yake pia bei ya bukari na samaki huko Mulongo. Serikali inaweza kuanza na hatua ya tatu bila kungoja sheria mpya, kabla ya mvua zijazo. Gavana wa Haut-Lomami aliye Kamina ndiye wa kwanza kuidai, kwa kuwa wenye mto huku chini ni watu wake.